Robins: Msomi aliyepima kasi ya risasi kwa gogo la mbao

KWA karne kadhaa baada ya baruti kuanza kutumiwa vitani barani Ulaya, hapakuwa na mtu aliyejua kwa hakika risasi hutoka kwenye mtutu wa bunduki kwa kasi gani. Wapiga mizinga walikuwa na majedwali yao, mafundi wa bunduki walikuwa na mazoea yao, nao wanahisabati walikuwa na michoro yao mizuri kwenye karatasi. Kipimo hawakuwa nacho.

Aliyetegua kitendawili hicho ni Mwingereza Benjamin Robins, ambaye mnamo mwaka wa 1742 alichapisha kitabu chembamba kuhusu kanuni mpya za upigaji mizinga. Katika kitabu hicho alieleza jinsi ya kuipima kasi ya risasi kwa kutumia gogo la mbao lililoning'inizwa mithili ya bembea.

Robins aliaga dunia mwaka wa 1751 akiwa na umri wa miaka 44, mbali na kwao, bila kupata kazi aliyoitamani. Hata hivyo, swali alilouliza lingali linaulizwa kila siku na majeshi, viwanda vya silaha, na hata wapenzi wa mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola wanaojijazia risasi zao kwa mikono: je, risasi hii inakwenda kasi gani, na nani amethibitisha?

MTOTO WA WAQUAKER

Robins alizaliwa mwaka wa 1707 katika mji wa Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa watu maskini wa madhehebu ya Waquaker, yale yale ambayo wamishonari wake walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka wa 1902 na ambayo leo yana wafuasi wengi katika eneo hilo.

Waquaker wanajulikana kwa msimamo wao wa kupinga vita vya aina yoyote. Ni ajabu ya historia, basi, kwamba nyumba iliyomlea mtoto kwa mafundisho ya amani ndiyo iliyomtoa mtu aliyeigeuza bunduki kuwa somo la sayansi.

Kijana huyo hakuwa na fedha za kumpeleka chuo kikuu. Alijifunza hisabati kwa kiasi kikubwa peke yake, akivisoma vitabu vya mabingwa wa kale na wa zama zake. Rafiki mmoja aliyetambua kipaji chake aliituma kazi yake London kwa Daktari Henry Pemberton, msomi aliyesimamia toleo la tatu la kitabu kikuu cha Isaac Newton, lililochapishwa mwaka wa 1726.

Pemberton alivutiwa, naye Robins akahamia London. Mwaka wa 1727, akiwa na umri wa miaka 20 tu, makala yake ya kuthibitisha mojawapo ya hoja za Newton ilichapishwa katika jarida la Royal Society, chama mashuhuri cha wanasayansi wa Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huo huo alikubaliwa kuwa mwanachama.

Mwaka uliofuata alithubutu kumpinga hadharani Johann Bernoulli wa Uswisi, mmoja wa wanahisabati waliosifika zaidi Ulaya, kuhusu sheria za mwendo wa vitu vinavyogongana. Wakati huo alikwisha kuacha mavazi na desturi za Waquaker, akawa mtu wa dunia ya wasomi wa London.

Kwa muda alijipatia riziki kwa kufundisha wanafunzi wa hisabati. Lakini kazi ya kukaa kitini ilimchosha. Akageukia uhandisi: vinu, madaraja, bandari na ukaushaji wa ardhi yenye kinamasi. Isitoshe, alisafiri hadi Flanders kujionea ngome zilizosifiwa kwa uimara wake.

KALAMU ILIYOMNYIMA KAZI

Robins hakuwa mtu wa kunyamaza. Mnamo mwaka wa 1739, siasa za Uingereza zilipochafuka kwa sababu ya uhusiano na Uhispania, aliandika vijitabu vya kuishambulia serikali ya Waziri Mkuu Robert Walpole. Vijitabu hivyo vilisomwa sana na kumpa jina miongoni mwa wapinzani.

Walpole alipong'atuka mwaka wa 1742, Bunge liliunda kamati ya kuchunguza mwenendo wake. Katibu wa kamati hiyo alikuwa Robins.

Umaarufu huo ulikuwa na gharama yake. Mwaka wa 1741, serikali ilikuwa imeanzisha chuo cha kijeshi huko Woolwich, kando ya mto Thames, ili kuwafunza maafisa wa mizinga na wahandisi. Robins alitamani kuwa mwalimu hapo, na kwa elimu yake hapakuwa na wengi wa kumfikia. Kazi hiyo alipewa mtu mwingine, John Muller. Waliomjua Robins waliamini kwamba maadui aliojichumia katika siasa ndio waliomzibia njia.

Mwingine angelalamika na kukata tamaa. Robins alichukua mafundisho aliyokusudia kuwapa wanafunzi wa Woolwich, akayaweka katika kitabu, akakitoa kwa umma. Ndicho kitabu cha mwaka wa 1742 kiitwacho New Principles of Gunnery. Chuo kilimkosa mwalimu, lakini ulimwengu ukapata somo.

GOGO LILILOSEMA KWELI

Tatizo lililomkabili lilikuwa gumu kwa namna ambayo msomaji wa leo anaweza kuisahau. Risasi ya gobori la zama hizo ilipita hatua kumi kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Hakukuwa na saa ya kuhesabu sehemu ndogo hivyo za sekunde.

Badala ya kuikimbiza risasi, Robins aliamua kuipunguza mwendo. Alisimamisha miguu mitatu ya mbao iliyokutana juu, na kati yake akaning'iniza pendulamu: fimbo ya chuma yenye bamba chini yake, na juu ya bamba hilo gogo zito la mbao. Katika mfano alioueleza, pendulamu nzima ilikuwa na uzito wa zaidi ya ratili 56, yaani takriban kilo 25. Risasi ya madini ya risasi aliyoipiga ilikuwa na uzito wa sehemu moja ya kumi na mbili ya ratili, yaani karibu gramu 38.

Risasi ilipopigwa ikazama ndani ya gogo, haikuwa na pa kwenda. Msukumo wake wote uliingia katika kitu kizito kuliko yenyewe mara mia kadhaa, nacho kikasogea nyuma polepole, kwa mwendo usiofikia hata ule wa mtu anayetembea. Mwendo huo jicho liliweza kuuona.

Chini ya pendulamu Robins alifunga utepe uliopita mahali palipobanwa kidogo. Gogo liliposukumwa nyuma liliuvuta utepe, na lilipotulia, urefu wa utepe uliovutwa ulionyesha gogo lilifika wapi. Kutokana na urefu huo, pamoja na uzito wa gogo na uzito wa risasi, hesabu za Newton zilitosha kuitoa kasi ya risasi.

Jibu liliwashangaza wengi. Kwa mtutu wa inchi 45 na baruti ya kutosha, risasi ilikwenda zaidi ya futi 1,600 kwa kila sekunde, yaani takriban mita 500. Kasi hiyo inaipita ya sauti kwa mbali.

Robins hakupiga mara moja akaridhika. Alibadilisha kiasi cha baruti, akabadilisha mahali risasi ilipokaa ndani ya bunduki, akatumia mitutu ya urefu mbalimbali hadi mfupi wa takriban inchi 7. Alichunguza pia jinsi unyevu unavyoidhoofisha baruti. Kila mara alilinganisha jibu la gogo na jibu la hesabu zake.

Alifahamu vilevile kwamba gogo halifai kuwekwa mdomoni mwa bunduki, kwa kuwa moshi na upepo wa baruti ungelisukuma pamoja na risasi na kuharibu kipimo. Kwa sababu hiyo hiyo, wapimaji wa leo huweka vyombo vyao hatua kadhaa mbele ya mtutu.

HEWA SI YA KUDHARAULIWA

Kugundua kasi lilikuwa jambo moja. Robins aliuliza swali la pili: kasi hiyo inaishia wapi?

Tangu Galileo Galilei aandike kuhusu mwendo wa vitu vinavyorushwa mnamo mwaka wa 1638, vitabu vya mizinga vilifundisha kwamba kombora hufuata mchirizi uliopinda kwa ulinganifu, likipanda na kushuka kwa umbo lile lile. Galileo mwenyewe alikuwa ametahadharisha kwamba silaha za baruti huenda zisifuate kanuni hiyo kwa sababu ya mwendo wake mkali. Waliomfuata waliisahau tahadhari. Walisema hewa ni nyepesi mno kuizuia risasi nzito.

Robins alipeleka hoja hiyo mbele ya gogo. Aliipiga pendulamu kutoka umbali wa futi 25, kisha futi 75, kisha futi 125, kwa kiasi kile kile cha baruti. Kasi alizozipata zilikuwa futi 1,670, futi 1,550 na futi 1,425 kwa sekunde. Kwa kila futi 50 za hewa, risasi ilipoteza zaidi ya futi 120 za kasi yake.

Mwenye macho haambiwi tazama. Kwa hesabu za Robins, nguvu ya hewa iliyoizuia risasi hiyo ilikuwa takriban mara 120 ya uzito wake. Hata tufe la mzinga lenye uzito wa ratili 24 lilizuiwa na nguvu iliyozidi uzito wake mara 20.

Maana yake kwa mpiga bunduki ilikuwa kubwa. Kama hewa isingekuwapo, risasi yenye kasi ile ikipigwa kuelekea juu kwa pembe ya nyuzi 45 ingeanguka zaidi ya maili 16 mbele. Katika dunia halisi haikufika hata maili moja. Majedwali yaliyoaminiwa kwa vizazi yalikuwa yakieleza dunia isiyo na hewa.

Aidha, aligundua kwamba ukinzani wa hewa huongezeka ghafla kasi inapokaribia na kuipita ile ya sauti. Wahandisi wa ndege walikuja kukumbana na jambo hilo hilo katika karne ya 20.

Mwaka wa 1746 Royal Society ilimtunukia nishani ya Copley, heshima yake kubwa kuliko zote kwa utafiti.

MTUTU ULIOPINDWA

Kulikuwa na fumbo jingine lililowasumbua wapiga bunduki. Risasi zilizopigwa kutoka bunduki moja, iliyofungwa isitikisike, hazikutua mahali pamoja. Nyingine zilikwenda kushoto, nyingine kulia, bila sababu ya kuonekana.

Robins alishuku kwamba risasi ya duara hujikwaruza kwenye ukuta wa mtutu, ikatoka inazunguka kama pia, na mzunguko huo katika hewa ndio unaoipotosha. Ili kuthibitisha, alifanya jambo ambalo fundi yeyote wa bunduki angeliona kama wazimu: aliupinda mtutu upande wa kushoto karibu na mdomo wake, kisha akapiga risasi kupitia mapazia ya karatasi nyembamba yaliyopangwa moja nyuma ya jingine.

Karatasi za mwanzo zilionyesha tundu upande wa kushoto, kama ilivyotarajiwa. Lakini kadiri risasi ilivyokwenda mbele, matundu yalirudi na kuvuka kwenda kulia. Risasi ilikuwa imepinda hewani, kinyume cha mtutu, kwa sababu ya mzunguko ilioupata ilipojisugua kwenye ukuta wa mtutu huo.

Kutokana na hayo alieleza, mwaka wa 1747, kwa nini mitutu yenye mikwaruzo ya mzunguko ndani yake hulenga vyema: huilazimisha risasi izunguke kwa mhimili ulioelekea mbele, hivyo isipotoke. Alitabiri kwamba taifa litakalokuwa la kwanza kuelewa na kutumia silaha hizo kwa ukamilifu litayapita mengine vitani. Majeshi ya Ulaya yalichukua takriban miaka 100 kumsikiliza.

Hata mabingwa walimpinga katika hili. Leonhard Euler, mwanahisabati mkuu wa karne hiyo, alikuwa amekitafsiri kitabu cha Robins kwa Kijerumani mwaka wa 1745, kwa ajili ya Mfalme Frederick wa Prussia, akakiongezea maelezo mengi kuliko kitabu chenyewe. Euler aliyasifu mengi, lakini nadharia ya mzunguko aliikataa, akisema upotovu unatokana na risasi zisizo duara kamili. Mnamo karne ya 19 Mjerumani Gustav Magnus aliuthibitisha ukweli wa jambo lile, na leo linaitwa kwa jina lake. Mchezaji kandanda anayepinda mpira wa adhabu kuuzunguka ukuta wa mabeki anatumia kanuni aliyoionyesha Robins kwa karatasi na mtutu uliopindwa.

Tafsiri ya Euler ilizaa matunda ugenini. Mwaka wa 1783, Jean-Louis Lombard, mwalimu katika chuo cha mizinga cha Auxonne nchini Ufaransa, aliitoa kwa Kifaransa. Miaka michache baadaye afisa kijana aliyeitwa Napoleon Bonaparte alifundishwa chuoni hapo. Elimu ambayo Woolwich haikuitaka kutoka kinywani mwa Robins ilikuwa imefika katika kambi za mahasimu wa Uingereza.

MWISHO WAKE INDIA

Mwishoni mwa mwaka wa 1749 Robins alipata hatimaye wadhifa uliolingana na ujuzi wake, ingawa haukuwa nyumbani. Kampuni ya East India, iliyokuwa ikishindana na Wafaransa kuitawala biashara ya India, ilimteua kuwa mhandisi wake mkuu. Wafaransa walikuwa wameiteka Madras mwaka wa 1746 na kuirudisha kwa mkataba wa amani. Kampuni ilihitaji mtu wa kuziimarisha ngome zake.

Aliwasili India katikati ya mwaka wa 1750 na kuanza kuchora mipango ya ngome za Madras na Fort St David, iliyoko kusini zaidi katika pwani hiyo hiyo. Hakuwahi kuiona kazi hiyo ikikamilika. Joto na homa vilimdhoofisha, na tarehe 29 Julai 1751 akafariki katika Fort St David. Inasimuliwa kwamba mauti yalimkuta kalamu ikiwa mkononi, akiwaandikia ripoti wakurugenzi wa kampuni.

Rafiki yake James Wilson alizikusanya kazi zake na kuzichapisha mwaka wa 1761. Kuanzia miaka ya 1770 mwanahisabati Charles Hutton alitengeneza pendulamu kubwa zaidi na kuyapima matufe ya mizinga. Alifanya majaribio hayo Woolwich, katika chuo kile kile kilichomkataa Robins.

URITHI KATIKA VIWANJA VYA SHABAHA

Umeme ulipokuja, gogo lilipata wapinzani. Kufikia miaka ya 1860 majeshi ya Ulaya yalikuwa na mitambo iliyopima muda ambao risasi huchukua kukata waya wa kwanza na wa pili. Leo kazi hiyo hufanywa na kronografu, chombo kidogo chenye macho mawili ya kielektroniki yanayokiona kivuli cha risasi ikipita, au kwa rada ndogo iwekwayo kando ya bunduki.

Wanaokitegemea zaidi chombo hicho nje ya majeshi ni wapiga shabaha wa mashindano ya bastola, mchezo wenye wafuasi katika nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Wengi wao huko Marekani na Ulaya hujijazia risasi wenyewe: huchukua ganda lililokwisha kutumika, wakaliwekea kiwashio kipya, baruti iliyopimwa kwa mizani, na kichwa kipya cha risasi. Sababu ni gharama, lakini pia ni usawa, kwamba kila risasi ifanane na mwenzake.

Hapo ndipo mchezo unapohitaji mwamuzi. Risasi dhaifu hurusha bastola mkononi kidogo, hivyo anayeitumia hupata nafuu isiyo ya haki. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IPSC, lililoundwa mwaka wa 1976, hutumia hesabu rahisi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, ambazo 7,000 hufanya ratili moja, huzidishwa kwa kasi yake kwa futi, kisha hugawanywa kwa 1,000. Kiwango cha chini kwa bastola ni 125.

Kichwa cha greni 124 kinachokwenda futi 1,050 kwa sekunde hupata 130, nacho hupita. Kikienda futi 1,000 hupata 124, na mshindani ataruhusiwa kupiga lakini alama zake hazitahesabiwa. Futi 50 tu za kasi zinatosha kuifuta kazi ya miezi. Ndiyo maana anayejijazia risasi hazitumainii alama zilizomo katika vitabu vya vipimo vya baruti. Hupiga nyingi mbele ya kronografu, akaandika wastani na tofauti kati ya iliyo kasi zaidi na iliyo polepole zaidi, kabla ya kwenda mashindanoni.

Hesabu hiyo ya uzito mara kasi ndiyo hasa aliyoipima Robins. Gogo lake halikuiona kasi yenyewe. Liliuona msukumo, na yeye akaitoa kasi ndani yake. Si ajabu kwamba katika miaka ya mwanzo ya mchezo huo, kabla ya kronografu za bei nafuu kuenea, waamuzi walizipima risasi za washindani kwa pendulamu. Kwa kanuni hizo, risasi ya gobori la Robins ingepata zaidi ya 900.

Robins hakuwa wa kwanza kutengeneza bunduki wala baruti, na hakushinda vita vyovyote. Alichokiacha ni desturi: kwamba mtu asidai kujua nguvu ya risasi yake kwa sababu kitabu kimesema, au kwa sababu mkubwa amesema, au kwa sababu ndivyo ilivyofanywa tangu hapo. Na aipige kwanza, aipime, kisha aseme.